Hewa Yangu, Mafuta ya Cirhuza

Kitambaa cheupe kilitoka kwenye bomba kikiwa na mstari mwekundu wa vumbi, mwembamba kama uzi wa kushonea. Nilikikunja mara mbili, nikakitia mfukoni, nikasema bomba ni safi. Kwa neno hilo Cirhuza alipoteza kazi kabla ya saa sita mchana, na mimi nikabaki na yangu miaka kumi na tisa zaidi, hadi mwezi uliopita nilipostaafu.

Patron kijana, aliyerithi garaji kwa baba yake, aliniomba niwaandikie ninyi mnaobaki mambo niliyojifunza kuhusu filtre za hewa, yaani vichujio vya injini, kwa kuwa ndiyo kazi niliyoifanya kuliko nyingine yoyote. Alitaka nianze na siku ya kwanza. Ningefanya hivyo, mngefika kwenye kitambaa mkiwa mmekwisha kunipenda, na hiyo isingekuwa haki. Sasa mmekiona, naweza kurudi nyuma.

Siku yangu ya kwanza nilifika kwa miguu kutoka Kasha, nimevaa ovaroli ya kaka yangu, cheti cha shule ya ufundi nimekikunja ndani ya shati. Mkuu wa mafundi alikuwa Papa Bisimwa, mtu mfupi mwenye masikio makubwa. Cheti hakukisoma. Alifungua boneti ya lori akaniambia nimwonyeshe kila mlango ambao kitu kinaweza kupitia kuingia ndani ya injini. Nilionyesha pa mazuti, yaani dizeli, pa mafuta ya kulainisha, pa maji. Nikaishia hapo, nimeridhika. Yeye akaendelea kungoja.

“Ao hii motere inapumuaka na masikio?” aliuliza mwishowe.

Garaji nzima ilicheka, isipokuwa fundi mmoja mgeni kama mimi, aliyepokewa wiki ile ile. Yeye alicheka baadaye, tulipobaki wawili, ili nisiaibike mbele ya watu. Huyo ndiye Cirhuza, mwana wa Walungu.

Papa Bisimwa aliamini kwamba kila mlango wa injini lazima uwe na mwenyewe. Cirhuza alipewa mafuta: kuyamwaga, kuyabadilisha, kuyachunguza. Mimi nilipewa hewa. Kila gari lililotoka lilikuwa na majina yetu yameandikwa kwa rangi nyeupe chini ya boneti: hewa, Mugisho, mafuta, Cirhuza. Utaratibu huo sijauona kwenye garaji nyingine ya Bukavu. Kwa magari ulikuwa mzuri. Kwa watu ulikuwa na ubaya mmoja ambao hatukuuona kwa miaka mingi: injini ikichakaa kwa ndani, mwenye kosa alikuwa mmoja kati ya wawili, na aliyetangulia kutakaswa alimwachia mwenzake mzigo wote.

Meza zetu zilisimama bega kwa bega, na tulitumia etau moja ya kubania vyuma. Cirhuza alikuwa na tabia ya kuchovya vidole viwili kwenye mafuta machafu, kuvisugua karibu na sikio, na kusikiliza. Alidai kwamba mchanga unasema. Nilimwita Mupishi kwa sababu ya kuonjaonja kwake. Yeye aliniita Mwalimu wa Upepo, akawaambia madereva wasiniulize nimefanya nini tangu asubuhi, maana kazi yangu haionekani kwa macho. Tulicheka utani huo mmoja kwa miaka kumi na miwili bila kuuchosha.

Kitambaa kilikuwa cha Papa Bisimwa. Alikifua mwenyewe nyumbani na kukipiga pasi. Gari likirudi na malalamiko, alilegeza bomba linalotoka kwenye filtre kwenda kwenye injini, akakizungusha kitambaa kwenye kidole, akafuta ndani ya bomba duara zima, juu, pembeni na chini. Kitambaa kikitoka cheupe, mtu wa hewa hana hatia. Kikitoka na vumbi, basi filtre imetoboka au kiungo kinavuja, kwa sababu nyuma ya filtre hakuna kitu kingine cha kulizuia vumbi mpaka kwenye pistoni. “Motere inakunywa mazuti kidogo kidogo,” alikuwa akisema, “lakini hewa inakulaka siku nzima.” Tulikiogopa kitambaa kile kuliko tulivyomwogopa patron.

Halafu zikaja filtre za koni. Madereva walikuwa wamechoshwa na sanduku jeusi la filtre la kiwandani. Walitaka zile nyekundu au za buluu, zenye kichwa kinachong'aa, ambazo wafanyabiashara walizileta pamoja na redio na taa za ziada. Kila mteja alisema gari litapumua vizuri na kupanda milima ya Mwenga kwa nguvu. Alichotaka hasa ni sauti. Ukiondoa sanduku, injini huvuta hewa kwa mngurumo, na dereva hudhani ameongezewa nguvu. Sikumbuki gari hata moja lililowahi kufika Kamituga mapema kwa sababu ya mngurumo. Hata hivyo nilizifunga, tena nyingi, na watu wakaanza kutoka Bagira na hata Kabare kuniulizia kwa jina.

Mambo ninayoweza kuwaachia kuhusu kazi hiyo si mengi. Kama sanduku la kiwandani ni zima, mshawishi mwenye gari abaki nalo. Akikataa, usiiweke koni karibu na bomba la moshi, kwa kuwa itakula hewa ya moto, na hewa ya moto haishibishi. Koni ya pamba hupakwa mafuta yake maalumu, kidogo, kwenye mikunjo, kisha huachwa mpaka rangi ienee yenyewe; anayeyamimina kama anayekaanga sambaza, wale dagaa wa ziwani, atayakuta yamevutwa ndani. Ukiiosha tumia maji na sabuni, toka ndani kwenda nje, uianike kivulini. Mashine ya kupuliza upepo usiitumie, inatoboa pamba na tundu lenyewe hutaliona. Zaidi ya yote pima shingo. Koni huja na kipimo chake, na bomba la gari lina kipimo chake. Nafasi ya milimita tatu ni barabara kuu kwa vumbi la Walungu.

Papa Bisimwa alikuwa na jibu la nafasi hiyo. Kule Bagira kulikuwa na mzee aliyeyeyusha aluminiamu chakavu na kumimina sufuria. Tulimpelekea vipimo, naye alitumiminia pete nene ndani ya mchanga. Tuliirudisha garaji, tukaisugua kwa tupa mpaka ikae kati ya bomba na shingo ya koni bila kucheza. Ni kazi ya siku nzima, na mteja haioni.

Papa Kitoga alikuwa mfanyabiashara wa Mwenga, mwenye sauti kubwa na moyo mwema. Aliwapelekea wachimba dhahabu chumvi, sabuni na nguo kwa jeep yake nyeupe ya silinda sita. Alifika mwanzoni mwa kiangazi, koni nyekundu mkononi, akitaka kuondoka siku ile ile. Shingo ya koni ilikuwa pana kuliko bomba. Nilikwenda Bagira, nikaambiwa mmimina sufuria yuko Kabare kwenye kilio; jiko lake lilikuwa limejaa majivu baridi. Nikarudi. Nikakata ukanda wa mpira wa ndani wa gurudumu, nikauzungusha kwenye bomba, nikaivalisha koni juu yake, nikakaza kolye, ule mkanda wa chuma wenye skrubu, mpaka mpira ukavimba pembeni. Nilivuta kwa mikono miwili. Haikutikisika.

Cirhuza alikuwa ameinama upande wa pili wa injini akimalizia mafuta. Aliutazama mpira.

“Mwalimu, hii iko dawa ao iko bandeji?”

Nilimwambia ni ya wiki mbili tu. Papa Kitoga akirudi nitamwekea pete. Nilimwambia hivyo Papa Kitoga pia, naye akakubali. Wiki mbili zikapita bila yeye kurudi, nami sikumtafuta. Chini ya boneti nilikuwa nimeandika jina langu kama kawaida.

Mpira wa ndani ukipata joto hulegea. Ncha mbili za ule ukanda zilikutana upande wa chini wa bomba, ambako jicho halifiki, na hapo pakafunguka mlango mdogo. Kiangazi chote kilipita kwenye mlango huo.

Baada ya miezi minne jeep ilirudi ikivutwa na lori. Ilitoa moshi wa buluu na kumaliza mafuta kama mgonjwa wa homa anavyomaliza maji. Ukifungua kifuniko cha mafuta injini ikiwaka, pumzi ilikupiga usoni. Tuliifungua. Kuta za silinda zilikuwa na mikwaruzo, na pete za pistoni zimekonda kama wembe. Tulizipanga pistoni kwenye shuka, moja hadi sita. Patron mzee alikuja kutoka ofisini, mafundi wakasimama kuzunguka shuka, na Papa Kitoga akasema hataki maneno mengi. Msimu wa biashara umempita akiwa amekaa Mwenga bila gari. Anataka jina.

Majina yalikuwa mawili.

Mwaka ule macho ya Papa Bisimwa yalikuwa yameingia ukungu. Aliyajua magari kwa mikono na masikio, na hakuna mtu garajini aliyethubutu kulisema hilo. Alitoa kitambaa mfukoni, kimepigwa pasi, akanipa mimi. Hakupaswa. Mwenye hewa hapimi hewa yake. Lakini aliniamini, na nadhani aliona aibu kumwomba mtu mwingine ampe macho yake mbele ya patron.

Nilifuta juu, nikafuta pembeni, nikafuta chini. Nimekwisha kuwaambia kilichotoka.

“Inasema nini?” aliuliza Papa Bisimwa.

“Iko safi, muzee.”

Akamgeukia patron akasema kwamba kama hewa ni safi, basi ni mafuta.

Cirhuza alinyosha mkono kwangu juu ya shuka lenye pistoni. “Mugisho, fungua kitambaa nione.”

Papa Bisimwa alikasirika, jambo lililokuwa nadra kwake. Alimwuliza Cirhuza tangu lini fundi anadai kuona mfuko wa mwenzake, na kama neno la Mugisho halitoshi. Mkono wa Cirhuza ulibaki pale umenyoshwa, kiganja juu. Mimi nilikuwa najipangusa vidole kwa kitambaa kingine, kichafu. Kisha akaurudisha mkono, akachovya vidole viwili kwenye sinia la mafuta, akavisugua sikioni mara ya mwisho. Alisema mafuta yake hayana kosa. Alilisema mara moja tu. Patron alimwambia akusanye vyombo vyake, naye akatoka na sanduku begani, bila kuniaga.

Nilijiambia nitasema jioni, watu wakishatulia. Jioni nikasema Jumatatu. Jumatatu Papa Kitoga alikuja kupanga habari ya injini mpya, akanishika bega mbele ya wote na kuniita fundi mwaminifu. Baada ya hapo kusema kulizidi kuwa kugumu kila juma, kama boliti iliyoachwa kwenye mvua. Papa Bisimwa alifariki mwaka uliofuata. Alikufa akiamini kwamba mwanafunzi wake wa mafuta alimwangusha na wa hewa alimtunzia jina.

Katika kazi yetu jina hutembea haraka kuliko gari. Cirhuza aligonga milango ya garaji tatu au nne hapa mjini. Kila mahali walimjua kuwa ni yule wa mafuta ya Kitoga. Mwishowe nilisikia amerudi Walungu.

Patron alinipa mafuta yawe yangu pia. Meza mbili zikawa za mtu mmoja, na chini ya boneti niliandika jina langu mara mbili. Kwa miaka kumi na tisa hakuna aliyeweza kunishuku, kwa kuwa hakubaki mtu wa kushukiwa pamoja nami. Wengine wenu mmenisifu kwa uangalifu wangu: sikukubali mpira tena hata kwa saa moja, na sikuruhusu mtu mwingine afute bomba nililolifunga. Sasa mnajua sababu. Saa sita mchana, mlipokula bugali nyuma ya garaji, mlinialika. Kisha mkaacha kunialika. Mlisema Papa Mugisho anapenda kazi. Nilikuwa nakula kwenye meza ya Cirhuza, nimeipa mgongo yangu. Sikutaka mtu akae karibu nami kwa muda mrefu kiasi cha kuanza kunitania.

Nilipostaafu mlinifanyia sherehe nzuri. Nawashukuru kwa redio. Nyumbani Kasha niko peke yangu. Mke wangu alitangulia miaka mitatu iliyopita, na mabinti wameolewa, mmoja Goma, mmoja Uvira. Yeye pia, mke wangu, sikumwambia. Asubuhi hukaa mlangoni nasikiliza magari yanayopanda. Najua lipi lina koni na lipi lina sanduku lake, lipi linavuta hewa mahali pasipostahili. Juzi nilitaja kwa sauti, “Kolye imelegea, hiyo,” na kuku akageuka kunitazama.

Wiki ya pili ya maisha hayo nilichukua pikipiki mpaka Walungu.

Nilimkuta Cirhuza chini ya paa la mabati, kwenye mashine ya kusaga muhogo. Hutengeneza injini za mashine hizo na pikipiki za watu wa sokoni. Nywele zimekuwa nyeupe, au ni unga, sikuweza kutofautisha. Kwenye injini ya mashine alikuwa amefunga filtre aliyoitengeneza mwenyewe kwa kopo kubwa la maziwa ya unga, lenye mafuta chini yake, ili hewa ipite juu ya mafuta na kuacha vumbi humo. Nilitaka kuisifu. Niliona si mwanzo unaofaa.

“Mwalimu wa Upepo,” alisema, bila kuinua kichwa.

Maneno nilikuwa nimeyapanga njia nzima. Niliyatoa yote, tangu mmimina sufuria kwenda kilioni hadi mstari mwekundu. Aliniacha nimalize. Maman wawili waliokaa kwenye mabeseni yao ya muhogo waligeuka kusikiliza. Yeye aliendelea kusafisha skrubu moja ambayo ilikuwa safi tangu mwanzo.

“Nilijuaka,” alisema. “Siku ile ile. Mutu mwenye kitambaa safi anakionyeshaka.”

Nilimwuliza kwa nini hakusema.

“Nilisema. Niliomba nione. Batu kumi na moja balikuwa pale, hakuna hata moja aliomba na miye.”

Kisha akaiweka skrubu chini. Alisema sikuhitaji kupanda pikipiki na mgongo wa kizee kuja kumwambia kitu alichokijua. “Bale pale njo habajue,” yaani wale wa garaji ndio hawajui. Nilimweleza kwamba patron kijana ameniomba niandike kumbukumbu. Akasema basi niandike hili pia, na majina mawili kama tulivyoyaandika chini ya boneti, halafu nilisome mwenyewe uani, watu wamesimama, kama walivyosimama siku ile. Aliuliza wangapi wamebaki kati ya wale kumi na mmoja. Nikahesabu: walio hai wanne, wawili bado wako kazini.

“Na Papa Bisimwa,” alisema, “utamusomea wapi?”

Maman mmoja akauliza kama leo mashine inasaga au haisagi. Cirhuza akazungusha mkono wa kuwashia. Muhogo ukaanza kusagwa, nikasimama pale mpaka unga ukanijaa kwenye viatu, kisha nikaenda kutafuta pikipiki ya kurudi. Kama angekuja kusikia, sikumwuliza kwa mdomo, niliogopa jibu. Nilimwuliza baadaye, kwa ujumbe wa simu, na nikautuma tena juma lililofuata kwa mkono wa dereva anayemfahamu.

Karatasi hizi, hadi hapa, nilimpa patron kijana azisome kwanza, kwa kuwa baba yake naye yumo. Alikaa nazo siku mbili. Akaniita, akasema Jumamosi asubuhi atafunga lango na kuwaweka wote uani. Papa Kitoga, ambaye sasa anatembea kwa fimbo, amejibu kwamba atafika. Hajui anaitiwa nini.

Cirhuza hajajibu.

Jana patron kijana aliniuliza tuanze saa ngapi. Nilimwambia gari la kwanza kutoka Walungu huingia saa tatu, tumngoje mpaka saa nne. Akaniuliza: na asipofika, tutasoma au tutangoja siku nyingine? Leo ni Alhamisi, na bado sijampa jibu.